Ufagio na makangaga: kisa cha ua mmoja wa Lushoto

Mwalimu alinipigia simu mapema Mei 2022. Ni mama mstaafu, amefundisha shule za msingi za huku milimani miaka mingi, na mtaani kwake hata watu wenye wajukuu humwamkia "Shikamoo Mwalimu", maana wengi aliwafundisha kusoma. Shida yake aliimaliza kwa pumzi moja: "Mwanangu, nimepanda ukoka mara tatu na mara tatu umekufa. Mvua ikinyesha, ua wangu unahamia kwa jirani."

Nilikwenda kesho yake asubuhi. Lushoto mjini iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na nyumba nyingi zimekaa kwenye mteremko, kwa hiyo habari ya udongo kuhamia kwa jirani si mzaha. Ua wenyewe uko nyuma ya nyumba, umebanwa kati ya ukuta wa jiko na ukuta wa mawe unaozuia shamba la juu. Nilipima kwa futi kamba nikapata mita sita kwa tisa. Ndani yake kuna miparachichi miwili ya kienyeji, mikubwa, matawi yamekumbatiana juu kiasi kwamba saa sita mchana unaweza kuhesabu vidoa vya jua vilivyofika chini. Udongo mwekundu umeshindiliwa ukawa kama sakafu, na mizizi imetokeza juu yake kama mishipa kwenye mkono wa mkulima. Hapakuwa na jani hata moja ardhini. Nililiona hilo, nikalisifu moyoni, nikaendelea kupima. Ningekuwa na akili za leo ningeanzia hapo hapo.

Ukoka unataka jua. Kuupanda chini ya mparachichi ni kutupa pesa, na Mwalimu alikuwa amezitupa mara tatu. Nikamshauri tufunike ardhi kwa makangaga.

"Yale ya msituni?"

"Ndugu zao, Mwalimu. Yale watu wanayoweka barazani kwenye makopo."

Aliguna. Huku kwetu kangaga ni kitu cha kando ya mto na cha kwenye ngema za barabara. Kulitolea pesa kunaonekana kama kununua mawe. Lakini alikuwa amechoka na vumbi la kiangazi na matope ya masika, akakubali.

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Msitu wa Magamba uko hapo juu tu, na ukiingia chini ya miti yake unakuta makangaga yamejaa. Kuna kivuli msituni, kuna kivuli kwa Mwalimu, basi yataota. Kosa lilikuwa ndani ya hesabu hiyo, na ilinichukua miezi mitano kulitambua.

Miche 64, iliyobaki 11

Nilinunua miche 64 kwenye kitalu cha kando ya barabara, shilingi 3,000 kila mmoja. Jumla ikawa 192,000 kabla ya nauli ya bajaji na ujira. Ilikuwa mizuri kweli, imejaa kwenye viriba, majani yananing'inia. Tulipanda tarehe 28 Mei.

Naorodhesha nilichofanya kama kilivyokuwa, maana ndicho kiini cha kisa. Nilichimba mashimo kwa jembe, kina cha futi moja, nikikata mizizi ya parachichi kila nilipoikuta. Kila shimo nikalitia samadi ya kuku iliyotoka bandani wiki ile ile. Nikaizamisha miche kidogo zaidi ya ilivyokuwa kwenye viriba, ili ishike vizuri kwenye mteremko, nikashindilia kwa kisigino. Nikamwagilia kila jioni wiki mbili. Baada ya hapo dada anayemsaidia Mwalimu akaachiwa keni ya kumwagilia, mara mbili kwa wiki.

Masika yalikuwa yamekwisha. Ikaja baridi ya Juni na Julai, baridi kavu, kisha upepo wa Agosti na Septemba. Vuli ya mwaka ule nayo ilichelewa na ikawa haba sehemu nyingi za nchi. Katikati ya Oktoba niliitwa kuja kuona. Majani yalikuwa ya kahawia na yanavunjika mkononi kama chapati iliyosahauliwa kikaangoni. Nilihesabu mizima: 11.

Hapa katikati kulikuwa na kituko kimoja ambacho sitakiruka, kwa sababu nimekikuta tena kwenye nyua nyingine mbili. Mwezi Julai Mwalimu aliona chini ya majani vidoa vidogo vya kahawia. Alikwenda duka la pembejeo akaeleza "vidugamba", akauziwa dawa ya wadudu, akapuliza. Aliponipigia, dawa ilikuwa imeshakauka. Nilimwomba avunje jani moja lenye vidoa, aliweke kwenye karatasi nyeupe ndani ya nyumba, upande wa vidoa chini, alale nalo mpaka asubuhi. Asubuhi alikuta karatasi imechorwa unga mwembamba wa kahawia, mistari miwili imenyooka kila upande wa vijani, kama alama za penseli. Wadudu hawakai kwa mpangilio wa namna hiyo. Kile ni kizazi cha kangaga chenyewe. Kangaga halitoi ua wala mbegu. Linatoa unga, yaani spora, na spora ikiangukia mahali penye unyevu huota kijani kimoja chembamba chenye umbo la kopa, kidogo kuliko ukucha. Juu ya kijani hicho mbegu ya kiume inahitaji tone la maji iogelee kuifikia ya kike, ndipo lizaliwe kangaga tunalolijua. Mmea ambao hata ndoa yake inafungwa majini, mimi niliupeleka kwenye sakafu kavu.

"Kwa hiyo nimepulizia watoto wake dawa," alisema Mwalimu, na hakucheka.

Kusoma mabaki

Mche uliokufa haukuambii mengi. Uliosalimika ndio wenye habari, kwa hiyo kabla ya kung'oa chochote nilichora ramani ya ua kwenye daftari na kutia alama pale palipokuwa na miche 11 hai.

Saba ilikuwa pamoja, kwenye kona ya chini ya simtanki. Bomba la kufurikia linamwaga pale kila tanki linapojaa. Hilo halihitaji darasa.

Minne ndiyo iliyonisumbua. Ilikuwa mbali kabisa na maji, chini ya mparachichi wa pili, imebanwa kati ya mawe mawili makubwa ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyaondoa. Keni iliifikia kama ilivyofikia mingine, pengine hata kwa shida zaidi. Kivuli kile kile, samadi ile ile, mkono ule ule uliopanda. Jirani zao wa hatua moja walikuwa wamekufa wote. Nilipiga magoti, nikaingiza mkono kati ya mawe, na vidole vikazama. Kulikuwa na majani makavu ya parachichi yamelundikana kina cha kiganja, ya juu makavu, ya katikati yamelainika kama karatasi iliyolowa, ya chini yamekuwa meusi na yananuka msitu. Nilitoa donge, nikalikamua. Halikutoa maji, lakini kiganja kilibaki na unyevu. Mwezi Oktoba, baada ya miezi mitano bila mvua ya maana.

Wakati nimepiga magoti pale, dada alikuwa nyuma yangu anafagia.

Ufagio wa vijiti unapita uani kwa Mwalimu kila siku saa kumi na mbili asubuhi, na siku ya wageni unapita tena jioni. Mama yangu alikuwa hivyo hivyo, na nadhani na wako. Ua usiofagiwa ni ua wa mgonjwa au wa mvivu. Kila jani linaloanguka usiku, asubuhi linakwenda jalalani kuchomwa. Kati ya mawe mawili ufagio haufiki, na pale tu ndipo makangaga yaliishi.

Baada ya hapo mambo yalianza kujipanga kichwani. Kivuli kilikuwa sawa, nilichokosea ni maji. Matawi ya miparachichi miwili ni mwavuli, na mizizi yake inayonyonya iko juu juu, mingi ndani ya sentimita 30 za kwanza, mahali hapo hapo kangaga linapotafuta maisha. Novemba, manyunyu ya kwanza yalipokuja, niliweka kopo la maziwa ya unga uwanjani na jingine chini ya mparachichi. Asubuhi kopo la uwanjani lilikuwa na maji yanayofika kiungo cha kwanza cha kidole. La chini ya mti lilikuwa limelowa kitako. Kwa hiyo mti unakinga mvua juu, kisha unakunywa hata ile kidogo iliyopenya. Msituni mti unafanya vivyo hivyo, lakini msitu hauna mtu wa kufagia. Tandiko la majani linashika maji kama sponji na kuyatoa polepole. Ukitembea Magamba unahisi unakanyaga godoro.

Ufagio una makosa mengine mawili madogo. Unaondoa udongo mwembamba wa juu kila siku, kiasi kisichoonekana, mpaka mizizi inatokeza. Halafu unachapa machipukizi. Jani jipya la kangaga hutoka limejikunja kama mkia wa kinyonga, laini, linavunjika kwa kuguswa. Nilikuta machipukizi kadhaa yamekatika, yamelala upande ule ule ufagio unaoelekea.

Makosa yangu mwenyewe siyafichi nyuma ya ufagio. Kupanda mwishoni mwa Mei ilikuwa ni kuikabidhi miche kwa kiangazi. Kuizamisha kulifukia moyo wa mche, yaani pale majani yanapotokea, na nilipoing'oa iliyokufa mingi ilikuwa imeoza hapo hapo. Samadi ya kuku ikiwa mbichi ni kali, inaunguza hata mahindi, sembuse mizizi myembamba kama nywele. Na kukata mizizi ya parachichi kwa jembe ni jambo la hatari zaidi kuliko nilivyojua, kwa sababu jeraha kwenye mizizi na udongo uliotuama maji ni karamu kwa kimelea kiitwacho Phytophthora, kile kinachoozesha mizizi ya miparachichi. Ningeweza kuua miti kwa ajili ya mapambo. Ila nikiulizwa kipi kilichoua wengi, nitasema ufagio, na nitaonyesha yale mawe mawili.

Aina mbili ndani ya kiriba kimoja

Nilipofukua miche 11 nikakutana na jambo jingine. Saba ya chini ya tanki ilikuwa na mizizi ya kawaida na nyuzi ndefu nyembamba zinazotambaa. Minne ya kwenye mawe ilikuwa na nyuzi hizo hizo, lakini zimening'iniza vidonge vya mviringo, ukubwa wa karanga hadi wa zabibu, vimefunikwa manyoya ya kahawia. Nilikata kimoja kwa kisu. Ndani ni cheupe, kimejaa maji.

Kitaluni yote iliuzwa kwa jina moja. Kumbe ile ya chini ya tanki ni Nephrolepis exaltata, ya aina ya Boston, ambayo asili yake ni nchi za joto za Amerika. Aina hiyo ilitambuliwa mwaka 1894 katika shehena ya makangaga iliyotoka Philadelphia kwenda Boston, kwa sababu majani yake yaliinama kwa madaha kuliko ya wenzake, na tangu hapo imeenea baraza za dunia nzima. Yenye vidonge ni Nephrolepis cordifolia, jani lake limesimama zaidi na vijani vyake vimebanana. Vidonge ni akiba ya maji. Kwa kuangalia majani peke yake utayachanganya, lakini ukifukua tu, jibu liko mkononi.

Kwa kazi ya kufunika ardhi, chini ndiko kwa kuangalia. Makangaga mengine yanakaa kichaka kimoja, mwaka hadi mwaka yanaongezeka unene tu. Mazuri kwa kupamba kona, lakini ukitaka yafunike utasubiri mpaka uzeeke. Mengine yanatembea. Yanatuma nyuzi au shina la chini kwa chini, na kila baada ya hatua yanaota mche mpya. Ukienda kununua, usimwulize muuzaji jani litakuwa refu kiasi gani. Mwombe akutolee mmoja kwenye kiriba uone mizizi. Akikataa, nenda kitalu kingine.

Mpango wa pili

Kumwambia Mwalimu habari za ufagio kulinipa shida kuliko kuchimba.

"Kwa hiyo unaniambia niache uchafu nyuma ya nyumba yangu."

"Majani, Mwalimu."

"Na nyoka je?"

Sikumdanganya kwamba nyoka hawaingii kwenye makangaga. Penye vyura na panya nao watapita. Tulichokubaliana ni mipaka. Ukanda wa mita moja kando ya ukuta wa jiko ubaki mtupu, ufagiwe kama kawaida. Njia ya kwenda bombani nayo ibaki, upana wa kupishana watu wawili wenye ndoo. Kila mpaka upangwe mawe ili jicho lione kwamba ule upande wa pili ni bustani iliyokusudiwa. Hili la mawe lilimaliza ugomvi. Majani yaliyolala ovyo ni uchafu, majani yaliyozungushiwa mawe ni bustani. Na kinachofagiwa njiani hakiendi tena jalalani, kinamwagwa ndani ya mawe.

Kuanzia Novemba dada alikusanya majani kwenye boma la wavu wa kuku karibu na ukuta, akilimwagia maji ya kuoshea mchele na mboga. Maji ya sabuni tuliyakataa. Mpaka Machi lundo lilikuwa limeshuka nusu, chini limekuwa jeusi.

Miche safari hii hatukununua mingi. Nilichukua 11 iliyosalimika, nikaongeza 20 kutoka kitaluni, nikichagua kwa kuchungulia mizizi, nikaigawa yote kwa kisu cha mkate. Kila kipande kilipata majani matatu au manne na mizizi yake, na majani marefu niliyapunguza nusu ili mche usipoteze maji kabla haujashika. Tulipata vipande 120 kwa shilingi 60,000. Kijana mmoja alikuja kutuuzia magunia mawili ya makangaga kutoka msituni, bei ya chee. Tulimrudisha. Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, na huruhusiwi kung'oa mimea humo bila kibali. Mbali na sheria, mmea uliong'olewa porini na kukaa guniani siku nzima hufika kwako ukiwa maiti.

Pia nilimwonya Mwalimu kuhusu lile kangaga refu linaloota kwenye mashamba yaliyochomwa moto, jani lake pana lenye pembe tatu. Hilo, Pteridium, linadhuru ng'ombe wakilila kwa wingi, na mtaa wake una ng'ombe wa ndani wanaokatiwa majani kila jioni. Lisiingie uani kwa mlango wowote.

Tulipanda katikati ya Machi 2023, mvua zilipokwisha shika. Jembe lilibaki stoo. Nilitumia ncha ya panga kufungua vifuko kati ya mizizi, na mzizi wowote uliokuwa mnene kuliko penseli niliukwepa. Nafasi nusu mita kila upande, moyo wa mche juu ya udongo, usifunikwe. Mboji unene wa kidole gumba tu, kwa sababu ukiifukia mizizi ya parachichi kwa tuta la udongo unaiziba pumzi. Juu ya mboji majani makavu. Kuzunguka kila shina la mti niliacha duara tupu la nusu mita, gome lisikae majimaji. Kwenye mteremko tulilaza mistari miwili ya mawe kufuata kontua, yaani kukatiza mteremko, majani yapate pa kuegemea. Mwisho, lile bomba la kufurikia la simtanki nililiunganisha na mpira mkuukuu uliotobolewa kwa msumari wa moto, ukalala juu ya ua wote. Tanki likijaa, kila mche unapata chake.

Aina nilizitenganisha. Boston upande wa tanki, yenye vidonge chini ya miti kwenyewe pakavu. Kwenye kona tatu nikaweka makangaga ya kichaka, jamii ya Dryopteris, yaliyokuwa yanaota yenyewe kwenye mfereji wa shamba la juu la Mwalimu. Hayo hayafuniki, lakini yanavunja usawa, na kwa jicho langu ua wote wa aina moja unachosha.

Yaliyofuata

Septemba 2023, baada ya kiangazi kizima, vipande vilivyokufa vilikuwa tisa. Vingine havikuwa vimekua sana kwa urefu, lakini nilipoinua matandazo niliona nyuzi zinapishana kila upande kama waya za simu.

Kisha zikaja mvua za El Niño za mwishoni mwa mwaka ule. Wiki hizo watu wa milimani tulikuwa tunalala na jicho moja wazi. Mwalimu alinieleza kwamba usiku mmoja wa mvua kubwa alitoka na tochi kuangalia mfereji unaotoka uani kwake. Miaka yote maji yale yalikuwa mekundu kama chai ya rangi. Usiku ule yalikuwa meupe yenye ukungu tu. Mstari mmoja wa mawe ulibomoka, ule wa chini, nami nilikuja kuujenga upya. Udongo ulibaki mahali pake. Masika ya 2024 yalipofika huoni tena ardhi isipokuwa njiani.

Si kila kitu kilifaulu. Kwenye ukuta wa mawe kuna kangaga linaloota lenyewe kwenye saruji, jani limenyooka kama kitana, Pteris vittata. Nililipenda nikahamishia mizizi kumi chini ya miti. Yote ikadumaa, majani yakawa ya njano. Lile linapenda chokaa, ndiyo maana limechagua saruji, na udongo wetu mwekundu una uchachu. Nimeliacha ukutani kwake. Ni mmea wa ajabu kwa njia nyingine pia. Mwaka 2001 watafiti wa Florida walionyesha kwamba linafyonza aseniki kutoka ardhini na kuilimbikiza majanini, kwa hiyo likiota karibu na josho la zamani la ng'ombe, ambako dawa za aseniki zilitumika, usimruhusu mtu kulikatia mifugo.

Kangaga la nywele, lile Adiantum lenye vijiti vyeusi vinavyong'aa, nililijaribu karibu na bomba. Linaishi, lakini dada akisahau maji siku tatu za Februari linakunjamana lote. Kwenye ua wa mtu mwenye shughuli zake silipendekezi.

Tatizo kubwa lilikuwa mafanikio yenyewe. Lile lenye vidonge lilipita chini ya mawe, likavuka njia, na Aprili 2024 likatokea kwenye tuta la spinachi la jirani. Kung'oa jani hakusaidii, vidonge vinabaki na vinachipua upya. Nilikaa nusu siku na uma wa kulimia, nikapepeta udongo kwa vidole kama anayetafuta mbegu za vitunguu, nikajaza nusu ndoo ya vidonge. Hatukuvitupa mtoni wala jalalani, tulivianika juu ya bati mpaka vikasinyaa. Florida wanalihesabu kangaga hilo miongoni mwa mimea vamizi inayosonga misitu yao, na baada ya nusu siku ile nimewaelewa. Bado ningelitumia kwa Mwalimu, kwa sababu pale pakavu chini ya miti hakuna jingine lililonipa jibu. Lakini leo ningezika kwanza bati la kusimama, kina cha sentimita 30, upande wa jirani. Kwenye kiwanja kinachopakana na mto au msitu nisingelipanda kabisa.

Kila Machi tunapunguza. Majani makuukuu ya kahawia yanakatwa chini na kuachwa hapo hapo, vichaka vilivyobanana vinagawanywa, na vipande vinakwenda kwa majirani. Nyumba tatu za mtaa ule sasa zina makangaga ya Mwalimu, na naona mmoja wao tayari anafagia chini yake. Nimemwambia. Ameitikia vizuri na kuendelea kufagia.

Mara ya mwisho nilipopita kwa Mwalimu nilimkuta amesimama kwenye ukanda wake uliofagiwa, mikono kiunoni, anatazama makangaga yaliyofika magotini. Nikangoja anisifie kazi.

"Mwanangu, parachichi zangu zinaanguka humo na sizioni. Nasikia tu puu! usiku. Asubuhi nikitafuta, hakuna. Naziokota zimeshaoza."

Wajukuu wawili walikuwa ndani ya makangaga, peku, wanapapasa kwa nyayo hatua kwa hatua. Mmoja akapiga kelele kwamba amekanyaga moja, bado ngumu, nzima kabisa. Mwalimu akainyooshea kanga yake aipokee, kisha akaniuliza kama siwezi kupitisha kijia kingine kimoja tu, chembamba, hapo katikati ya miti. Cha kufagiwa.